Kompyuta ya gemu ya kudumu inaanzia ukutani

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Najua mnapenda barua fupi ila hii itakuwa ndefu, mkiamua kuikata basi kateni mwisho, mwanzo muuache maana ndo wenye maumivu yangu.

Wiki iliyopita mlitoa makala kuhusu vijana wanaotaka kujiunganishia kompyuta mpya ya gemu itakayowakalia miaka mingi, na ushauri wenu mkubwa ukawa chukua kadi ya grafiki (kile kipuri kinachochora picha za gemu) kubwa kuliko zote ambayo mfuko wako unaruhusu, vingine vitafuata. Nikasoma mara mbili, nikampa na jirani yangu wa saluni asome nihakikishe sijaelewa vibaya. Vingine vitafuata! Hivyo vingine ndo vilivyonifilisi mimi jamani, kadi ya grafiki haijawahi kunikosea kitu.

Mi nina kibanda cha gemu huku Temeke. Zamani nilikuwa na PS tatu na mabenchi, watoto wanalipa kwa mechi, maisha yanaenda. Mwaka 2022 wakaanza kuja wanafunzi wa vyuo wanaulizia gemu za kompyuta, nikajichanga, nikauza na pikipiki, nikanunua mashine mbili zilizounganishwa tayari dukani. Sasa elewa mazingira yangu: mashine inawaka masaa kumi kwa siku, siku sita za wiki, chumba cha bati, mlango uko wazi muda wote sababu ya joto na barabara ya vumbi iko hatua nne tu. Mtu akiniambia neno kudumu mi siwazi gemu zitakazotoka mwaka 2030, nawaza Jumamosi ijayo.

Zile mashine kwa nje zilipendeza kama bwana harusi. Kioo mbele, kioo ubavuni, feni sita zinabadilisha rangi. Nilimuuliza muuzaji pawa saplai, lile boksi linalogawa umeme wa ukutani kwa vipuri vyote, ikoje akanijibu "bosi hiyo ni wati mia sita, inabeba mpaka kesho" na mimi sikujua kuuliza swali la pili, nikalipa. Ikapita kama miezi minne. Jumamosi moja jioni kibanda kimejaa, umeme ukakata ukarudi, ukakata tena ukarudi, mara ya tatu uliporudi nikasikia paa! kama mtu kapasua puto, afu ikaja ile harufu. Kama hujawahi kuunguza kapasita siwezi kukuelezea vizuri, ni kama dagaa aliyeungulia kwenye mfuko wa plastiki, haitoki puani mpaka kesho yake. Vijana wakatoka nje wote, mmoja bado ameshika mausi mkononi na waya unaning'inia.

Fundi alipofungua akaniita nione mwenyewe. Kwanza ile pawa saplai ukiinyanyua ni nyepesi, yaani kama boksi la viatu ambalo viatu vimeshatolewa. Ndani nyaya nyembamba kama za redio. Kwenye ubao wake kuna sehemu zimechorwa kabisa alama za vipuri vya kuchuja umeme, koili hapa, kapasita pale, ila vipuri vyenyewe havipo, wameruka na kipande cha waya tu. Kiwanda kilijua kinatakiwa kuweka nini afu kikaamua kutoweka. Akaniambia soma karatasi iliyobandikwa ubavuni, sio yale maandishi makubwa ya 600W, soma mstari wa volti 12. Imeandikwa ampea 18. Zidisha 12 mara 18 unapata wati 216. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na kadi ya grafiki karibu chakula chao chote wanakula kwenye huo mstari wa 12, kwahiyo mi nilikuwa na mashine ya wati 216 ndani ya nguo ya wati 600. Na ilipokufa haikufa peke yake, ilikwenda na mazabodi (ule ubao mkubwa unaobeba vipuri vyote, sisi tunauita maza) na diski yenye gemu zote. Prosesa ikapona, mpaka leo sijui kwanini.

Tangu siku hiyo mtu akija kuniuliza kompyuta ya gemu mi namwanzishia ukutani napanda nayo kwenda juu. Pawa saplai nzuri ya wati 550 ukiisoma mstari wa 12 utakuta ampea 45 au karibu na hapo, yaani wati 540, ukweli na karatasi vinalingana. Afu angalia dhamana. Corsair zile za RMx na Seasonic Focus GX wanatoa miaka 10, na najua mtu atasema dhamana ya miaka 10 itanisaidia nini mimi nipo Dar nani atairudisha kiwandani, sawa, lakini kampuni haiwezi kuweka miaka 10 kwenye kitu inachojua kitakufa mwaka wa pili. Hiyo namba ndo wao wanavyokuambia kwa siri kitakaa muda gani. Alama ya 80 Plus Bronze au Gold nayo ina maana yake, inasema umeme kiasi gani unapotea kuwa joto, ila peke yake haitoshi, maana stika mtu anaweza kubandika popote.

Kitu kingine cha kijinga ila kimeua mashine nyingi: pawa saplai za bei rahisi zina kiswichi chekundu nyuma, 115 na 230. Sisi tunatumia 230. Mpwa wangu alikuwa anachezea chezea nyuma ya mashine ya jirani akakisukuma kwenda 115, ikawashwa, ikaisha. Pawa saplai za maana za siku hizi hazina hicho kiswichi, zinajua zenyewe zimepewa volti ngapi. Ukikiona hicho chekundu kwenye kitu unachouziwa kama kipya, rudisha tu kwa amani.

Baada ya pawa saplai nenda kwenye UPS, lile boksi la betri linaloshikilia mashine umeme ukikata, na hapa nawaomba mtofautishe VA na wati maana maduka yanauza VA watu wanasikia wati. UPS iliyoandikwa VA 650 mara nyingi inabeba kama wati 360 tu, ukiichomekea mashine ya gemu na skrini mbili inapiga kelele inazima, unabaki unashangaa nilinunua ya nini. Halafu UPS sio ya kuendelea kucheza. Hili nimebishana na wateja wangu mpaka nimechoka, mtu anataka amalizie mechi, namwambia hiyo betri ni ya dakika za kuzima mashine kistaarabu, anasema sasa si inawaka? Betri yenyewe ni ile ndogo ya tindikali, kwa joto la huku ikifika mwaka wa pili au wa tatu imechoka, ibadilishe, ni rahisi kuliko unavyofikiri.

Waya wa ethi nao, ule wa kijani na njano unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Kama ukigusa kesi ya kompyuta miguu ikiwa peku unasikia kama mchwa wanakutembelea kidoleni, mara nyingi hiyo sio kompyuta mbovu, ni ethi hakuna. Nyumba nyingi za kupanga soketi ina matundu matatu ila hilo la tatu ni la urembo.

Sasa tuje ndani ya boksi, na hapa kuna soketi ya pili, ile ya prosesa kwenye maza. Hii nayo makala yenu haikuigusa hata kwa bahati mbaya wakati ndo inayoamua kama baada ya miaka minne utabadilisha kipuri kimoja au utaanza upya kila kitu. Chukua mfano wa AMD, kampuni ya prosesa inayoshindana na Intel. Mwaka 2017 walileta prosesa zao za kwanza za Ryzen kwenye soketi wanaiita AM4, na mwaka 2022 wakatoa Ryzen 7 5800X3D ikiwa bado inaingia kwenye soketi ileile. Mshkaji wangu wa Mbagala ana maza ya B450 aliyonunua 2018 na Ryzen 5 2600, akakaa nayo mpaka 2023, akasasisha bayosi (programu ndogo iliyo ndani ya maza), akachomoa ile akaweka Ryzen 5 5600, nusu saa kazi imeisha, RAM ileile, pawa saplai ileile, kesi ileile. Intel katika muda huohuo wamebadilisha soketi mwaka 2020, wakabadilisha tena 2021, wakabadilisha tena 2024. Sisemi prosesa zao mbaya, nasema ukinunua yao leo hesabu kwamba siku ukitaka kupanda unabeba na maza.

Na wao AMD walihamia AM5 mwaka 2022, inatumia RAM za kizazi kipya cha DDR5 tu, zile za DDR4 za AM4 haziingii, na wametangaza wataendelea nayo mpaka 2027 angalau. Kwahiyo mtu anayeanza moja kwa moja kutoka sifuri na anataka kitu cha kudumu mi namwambia AM5, hata kama ataanza na prosesa ndogo. Mimi yangu ya sasa niliiunganisha 2024, maza ya B650 na Ryzen 5 7600, inakuja na feni yake ndani ya boksi kwahiyo hiyo hela umeokoa.

Kuna ndugu yake anaitwa 7500F, bei iko chini kidogo na kwenye gemu wanakaribiana sana, vijana wengi wanaikimbilia. Mi niliikataa kwa sababu moja tu, haina kadi ndogo ya grafiki ndani yake. Mtu atasema ya nini wakati nina kadi kubwa? Subiri hiyo kadi kubwa iharibike siku ya Ijumaa. Ukiwa na 7600 unachomoa kadi unachomeka waya wa skrini kwenye maza, kompyuta inawaka, unafanya kazi zako, unacheza vigemu vyepesi huku kadi iko kwa fundi. Ukiwa na 7500F una boksi jeusi. Hata kumjua mgonjwa ni nani kati ya kadi na maza inakuwa kazi.

Ukisasisha bayosi fanya kwenye UPS. Umeme ukikata katikati ya ile kazi maza inaweza kufa palepale. Mnaona sasa kwanini nilianzia ukutani?

Niseme pia kuhusu mitumba maana najua nusu ya wasomaji hawana hela ya vitu vipya na mimi mwenyewe sio tajiri. Prosesa kwa kawaida ni kitu cha kununua mtumba bila wasiwasi mkubwa, ila kuna kundi moja la kuogopa: zile Intel kubwa za kizazi cha 13 na cha 14, hasa i9 na i7 za herufi K. Zilikuwa zinapewa volti kupita kiasi na zikaanza kuzimisha gemu ovyo ovyo, Intel wenyewe wakakiri 2024, wakatoa sasisho mwezi wa 8 mwaka huohuo na wakaongeza dhamana miaka miwili. Ila walisema wazi kwamba iliyokwishaharibika sasisho haliiponyi. Sasa jiulize zile za kurudishwa rudishwa zinaishia wapi. Mi nikiona i9 ya kizazi cha 13 inauzwa bei ya kutupa Kariakoo napita upande wa pili wa barabara.

Mtego mwingine wa mtumba ni hizi kompyuta za ofisi, Dell OptiPlex na HP EliteDesk zile ndogo bapa. Bei nzuri, mwili mgumu, watu wanasema nachukua hii afu naweka kadi ya grafiki ndani basi nina kompyuta ya gemu. Fungua uone. Pawa saplai yake ni ndogo ina umbo lake peke yake, na plagi inayoingia kwenye maza ni ya kwao wenyewe sio ile ya pini 24 ya kawaida, kwahiyo huwezi kwenda dukani ukachukua nyingine kubwa ukachomeka. Unaishia kutafuta kadi fupi nyembamba zisizotaka waya wa ziada, na hizo ni chache na dhaifu. Tena zile za Intel kizazi cha 7 kushuka chini Windows 11 haizipokei kihalali, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna gemu kama Valorant ukiwa kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vitu viwili vya usalama wa mashine, viwe vimewashwa la sivyo haikufungulii mlango. Kwa kazi za stationery hizo mashine ni dhahabu. Kwa gemu za kudumu hapana.

Haya kadi ya grafiki, ambayo ndo nyie mlianza nayo. Hapo nina neno moja tu nalo ni memori ya kadi yenyewe, sio RAM. Watu wanaangalia jina hawaangalii GB. RTX 3070 ya mwaka 2020 ina nguvu kuliko RTX 3060 ya 2021, hilo halina ubishi, ila 3070 ina GB 8 na 3060 ile kubwa ina GB 12, na gemu mpya zimeanza kula zaidi ya 8 ukipandisha picha kidogo, zikijaa gemu inaanza kukwama kwama kama daladala yenye klachi mbovu. Kwahiyo yule mdogo anazeeka vizuri kuliko kaka yake. Mi nilichukua 3060 ya GB 12 mtumba, mpaka sasa haijanipa kesi. Anayenunua mpya sasa hivi mi namwambia RX 9060 XT ile ya GB 16 au RTX 5060 Ti ya GB 16, na asome boksi herufi kwa herufi maana zote mbili zipo pia za GB 8 zenye jina hilohilo, na muuzaji akiwa na haraka anakupa ya 8 kwa maneno ya 16.

Umeme pia hesabuni. Kadi yangu inakula mpaka wati 170, mashine nzima na skrini nakadiria wati 300 ikiwa kazini. Masaa kumi hizo ni uniti 3 za LUKU kila siku kwa mashine moja. Kadi kama RTX 5090 inakula wati 575 peke yake, hiyo ni pasi ya umeme inayocheza mpira, na joto lote linaingia chumbani kwako mwezi wa pili. Nani anaiweza hiyo Dar?

Kwenye mtumba wa kadi kuwa makini mara mbili. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum, ile sarafu ya kidijitali, waliacha mfumo wa kuchimba kwa kadi za grafiki, na kadi zilizokuwa zinachimba usiku na mchana zikamwagwa sokoni dunia nzima. Sio zote mbovu, nyingine ukibadilisha pesti ya kupitisha joto na feni zinaendelea, ila ujue unanunua bodaboda sio gari la mchungaji. Halafu kuna feki kabisa, chipu ya zamani ya enzi za GTS 450 inabadilishwa jina kwa programu inajiita GTX 1050 Ti, kompyuta yenyewe inadanganyika. Dawa yake ni GPU-Z, programu ndogo ya bure, iweke kwenye flashi utembee nayo, ikikuta feki inaandika kabisa FAKE mbele ya jina. Niliwahi kuichomeka dukani sehemu moja, yule kijana akaniambia "mzee mbona unatufanyia upolisi?" Nikamjibu mi nakagua hela yangu tu, ya kwako kaa nayo. Kadi ilikuwa safi, nikanunua, tukacheka.

Siku nanunua pawa saplai kwenye duka lingine dogo mmoja alinihurumia kabisa.

"Bosi, hela yote hiyo kwenye pawa saplai? Hiyo haikuongezei hata fremu moja. Chukua hii ya taa, inayobaki panda kadi."

"Dogo, we umewahi kuunguliwa na maza?"

"Mi nauza tu bosi."

"Basi nifungie hiyo isiyo na taa."

Alifunga huku anatikisa kichwa. Mpaka leo nikipita ananiita mzee wa wati.

RAM ningewaambia wekeni GB 32, mbili za 16, msiweke kijiti kimoja maana kinapunguza kasi, ila tangu mwishoni mwa 2025 bei zimepanda vibaya mno, viwanda vya chipu vinapeleka mzigo kwenye vituo vya data vya akili mnemba, mpaka Micron walitangaza Desemba 2025 kwamba wanaachana na Crucial, RAM tulizozizoea mitaani. Kwa hali hiyo mwenye hela ndogo aanze na GB 16, maza ya AM5 haitamkimbia. Na mwenye kompyuta ya zamani ya AM4 yenye RAM zake za DDR4 asiiuze kwa hasira, atafute Ryzen 5 5600 mtumba aendelee kula maisha.

Diski chukua NVMe, ile ya kasi isiyozunguka, ya TB 1 ya kampuni inayojulikana, ukiuziwa TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana hiyo ni flashi ndani ya kava. Diski ya zamani ya kuzunguka usiitupe, mi natunza humo nakala za gemu, maana gemu moja siku hizi inapita GB 100 na kuishusha upya kwa bando ni msiba.

Kesi. Hapa ndo nawaomba mnisikilize hata kama mengine mmeruka. Ile ya kioo mbele inapendeza kwenye picha, ila feni zinavuta hewa kutoka wapi? Kioo hakipitishi hewa, zinavutia kwenye ufa mdogo wa pembeni. Tafuta yenye wavu mbele na kichujio cha kuchomoa, mi changu nakiosha kila Jumapili kwenye karai, maji yanatoka rangi ya chai ya rangi. Na vumbi la Dar karibu na bahari lina chumvi na unyevu, likikaa kwenye maza linashika kama uji. Kila baada ya miezi miwili napuliza na blowa, na ukipuliza shika feni kwa kidole isizunguke, ikizungushwa kwa upepo ule inachakaa na fundi wangu anasema inaweza kurudisha umeme kwenye maza. Kupoza kwa maji mi sitaki. Lile pande la bati na feni juu yake kinachokufa ni feni tu, unanunua nyingine unafunga. La maji pampu ikifa unatupa lote.

Sasa nisije nikaonekana nabishana tu na mwandishi wenu. Jumatano alikuja kijana mmoja wa mtaani kwetu, amemaliza mafunzo ya jeshi, ana milioni mbili na laki mbili ameshikilia na gazeti lenu mkononi, ukurasa uleule. Akaniuliza, "Kaka, nichukue 5060 Ti au 9060 XT?" Nikamuuliza chumba alichopanga soketi ina ethi? Akaniangalia kama nimemuuliza jina la bibi yake. Nikamwambia nenda kamtafute fundi umeme afungue soketi uone kwa macho, kadi tutaongea baadaye, haikimbii.

Juzi karudi. Fundi alifungua, tundu la tatu lipo safi kabisa, nyuma yake hakuna waya, kulikuwa na nyumba ya buibui. Mwenye nyumba amekubali kuchimbia ethi akichangia nusu, kwahiyo hela ya kadi imepungua na kadi bado hatujaichagua.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam
(Jina limehifadhiwa)